Macho ya Njano, Maneno Yanayopotea: Usingoje Kuche

Mgonjwa ambaye macho yake yamegeuka njano, na sasa ameanza kulala mchana kutwa na kukesha usiku huku akijibu maswali ovyo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje mganga aje, wala dozi ya malaria iishe. Huenda ini lake limeanza kufeli, na kutoka hapo hadi kupoteza fahamu kabisa zinaweza kupita siku chache, au saa chache tu.

Nalisema kwa ukali kwa kuwa yanayotokea majumbani yanajulikana. Ndugu wanasema malaria imempanda kichwani. Wengine wanasema ametupiwa jini. Jirani analeta mizizi ya kuchemsha, na duka la dawa linatoa panadol za homa pamoja na kidonge cha usingizi, maana mgonjwa anapiga kelele usiku. Katika hali hii kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kummaliza. Panadol huvunjwavunjwa na ini, ambalo sasa haliiwezi kazi hiyo. Kidonge cha usingizi kinamzamisha zaidi na kuficha dalili. Ipo mitishamba iliyo sumu hata kwa ini zima, sembuse hili.

Chanzo kimoja cha ini kufeli hivi ni homa ya ini B, ambayo kwa mtu mzima hujificha kwanza. Virusi vikishaingia, mwezi 1 hadi 6 hupita bila dalili yoyote. Kisha huja uchovu, kichefuchefu, kuchukia chakula, maumivu chini ya mbavu za kulia na mkojo wa rangi ya chai kavu, halafu macho. Zaidi ya watu wazima 90 kwa kila 100 hupona wenyewe, na hapo ndipo uzembe unapoanzia: kila mtaa una mtu aliyepata manjano akapona, na sifa zikamwendea aliyempa dawa. Lakini kwa wachache, kama mmoja kwa 100 au pungufu, kinga ya mwili huzishambulia seli zenye virusi kwa nguvu kiasi cha kuliangamiza ini lenyewe.

Ini likishindwa, amonia inayotoka tumboni haisafishwi tena, inafika kwenye ubongo. Damu inakataa kuganda: fizi zinavuja, michubuko inatokea bila mtu kugongwa. Sukari inashuka. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono mbele, akunje viganja kuelekea juu, atanue vidole na atulie hivyo. Viganja vikianguka na kuinuka, vikianguka na kuinuka bila yeye kutaka, acha kumchunguza, tafuta gari. Akikaa vizuri bila kutetemeka lakini akili haiko sawa, tafuta gari vilevile. Njiani, kama amelegea au hajielewi, mlaze ubavu na usimnyweshe chochote. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari.

Hospitalini taja kila alichomeza, mizizi nayo, bila kuona haya. Omba apimwe sukari, homa ya ini B na uwezo wa damu kuganda. Familia nyingi huhadaika na karatasi moja: vipimo vya vimeng'enya vya ini vikishuka ghafla, huku manjano ikizidi na damu ikizidi kukataa kuganda, hiyo si nafuu. Seli zilizobaki za kutoa vimeng'enya hivyo zimekuwa chache. Zipo dawa za kuvizuia virusi, kama tenofovir, na zinafaa zaidi zikiwahi. Kupandikiza ini, ambako huwaokoa waliofika ukingoni, hakupatikani katika hospitali zetu nyingi.

Mgonjwa akishapokelewa, nyumba nzima ikapime: mwenzi wake, watoto, na kila aliyetumia naye wembe, mswaki au kikata kucha. Virusi hivi hukaa hai siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka, kwa hiyo wembe wa chale, vifaa vya kuumika na mkasi wa mpita njia anayekata kucha vyote vinahusika. Sahani na kumbatio havihusiki, msimtenge. Asiyekuwa na virusi achanjwe: sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Aliyeguswa na damu ya mgonjwa penye jeraha awahi chanjo ndani ya saa 24. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo.

Na wewe unayeishi na homa ya ini B, ukitumia tenofovir peke yake au ndani ya kidonge cha ARV, usiache kwa sababu unajisikia mzima au umeambiwa umeombewa ukapona. Dawa ikikatwa ghafla, virusi huweza kuamka kwa kishindo na kuliangusha ini hivi hivi. Zikikuishia ukiwa safarini, nenda kituo cha karibu siku hiyo hiyo, eleza unachotumia, upewe za kukuvusha.