Pesa ya bango situmi

Leo nina jambo moja tu, na najua kuna watakaonuna.

Mdogo wangu kafungua duka la vipodozi Mbagala, wengi mnalijua. Juzi kaniomba dola za bango la taa na fulana za wafanyakazi, eti "tujenge jina". Wiki hiyo hiyo mama akapita pale dukani, binti wa kaunta hamjui. Mama akauliza bei ya mafuta ya nywele mara mbili (masikio yake mnayajua). Binti hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Mama, kama hununui usinichoshe." Mama akarudi zake nyumbani, na kwa jinsi ninavyomjua, kabla ya magharibi mtaa mzima ulishapata habari. Jina limeshajengwa, mdogo wangu, tena bila bango!

Yeye anasema ni tabia ya yule binti, atamfukuza. Hapo ndipo tunapogombana. Binti anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa tatu usiku, siku saba. Mshahara wake unangoja "mambo yakae sawa". Chenji ikipungua anakatwa. Chupa ikivuja hana ruhusa ya kumbadilishia mteja mpaka bosi aje, na bosi haji. Sasa huyo tabasamu alitoe wapi? Mfukuze leo, wa kesho naye atakuwa hivyo hivyo ndani ya miezi miwili.

Na msidhani nawasifia Wazungu. Shirika la ndege la United makao yake makuu ni hapa hapa Chicago. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri nao, gitaa lake likavunjika mikononi mwao. Kulitengeneza dola 1,200. Akazungushwa miezi kama tisa, nenda huku, piga simu kule, mwisho akaambiwa halipwi kwa sababu hakudai ndani ya saa 24. Jamaa akatunga wimbo, Julai 2009 akauweka YouTube, watu wakautazama kwa mamilioni. Ndipo United wakakumbuka kutaka kumfidia! Shirika lenye pesa za kutangaza dunia nzima, likaumbuliwa na mtu mwenye gitaa bovu.

Lakini mimi kilichonigusa ni kingine. Carroll mwenyewe alimtetea yule mwanamke aliyemkatalia mara ya mwisho, kwamba alikuwa mfanyakazi mzuri anayefuata taratibu za kampuni. Umeona? Jibu baya lilitoka kwake, lakini aliyelipika ni bosi. Ndiyo maana nasema mdogo wangu asinisingizie binti wa watu.

Mtaniambia huko kwetu mteja hana pa kwenda. Acheni hizo. Mama muuza vitumbua pale kona hana bango wala fulana, na watu wanapita wauzaji wawili kumfuata yeye, kwa sababu anakumbuka nani anapenda vya kuiva sana.

Kwa hiyo pesa nitatuma, ila ni ya mshahara wa binti wa pili, wapokezane zamu. Na wewe mdogo wangu, uende kwa mama na yale mafuta mkononi, ukaombe radhi. Usimtume binti.