Rafiki wa Nchi Hana Bei?

Jioni moja nimekaa barazani kwangu Tunguu, akapita kijana mmoja anayesoma chuo kikuu hapa kijijini. Aliniamkia, nikamwitikia, akakaa. Kisha akaniuliza: “Babu, hivi wale Wajerumani waliotujengea fleti za Kikwajuni, walitupendea nini?”

Nilicheka. Baadaye, usiku, nikaona swali lile halikuwa la kuchekwa. Sisi wa rika langu hatukuliuliza. Tulifundishwa kushukuru, na mwenye kushukuru sana huwa haulizi bei.

Turudi nyuma, ndugu msomaji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki. Wakati ule dunia ilikuwa na Ujerumani mbili, na kila moja ikijidai ndiyo ya kweli. Ujerumani ya Magharibi, ambayo serikali yake ilikuwa Bonn, ilikuwa na kanuni iliyoitwa ya Hallstein, tangu 1955: nchi itakayomtambua mwenzake, Bonn itaikatia uhusiano. Basi kisiwa chetu kidogo kikawa uwanja wa ugomvi wa ndugu wawili wa mbali. Mashariki wakaja na wataalamu, walimu na nyumba. Wakashangiliwa, na haki yao kushangiliwa, kwani watu waliotoka kwenye vibanda vya udongo waliingia kwenye nyumba zenye mabomba ya maji.

Miezi mitatu tu baadaye, Aprili 26, 1964, ukaja Muungano. Mambo ya nje yakawa miongoni mwa mambo 11 ya Muungano. Tanganyika ilikuwa rafiki wa Bonn, Zanzibar rafiki wa Berlin ya Mashariki, na nchi moja haiwezi kuwa na sera mbili za nje. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: ubalozi wa Unguja uondoke, na Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli kuu tu Dar es Salaam, pasipo kutambuliwa rasmi kama dola. Hilo likafanyika mwaka 1965. Bonn haikuridhika. Ikauondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu naye akawaambia, basi chukueni na misaada yenu mingine yote.

Wako wanaosema mpaka leo kwamba kile kilikuwa kiburi cha maskini, kwamba mwenye njaa hachagui chakula. Mimi nasema hapana. Msaada unaoondolewa siku ile ile unapoamua jambo lako mwenyewe haukuwa msaada. Ulikuwa arbuni, na kilichokuwa kinanunuliwa ni sauti yako. Mwalimu alirudisha arbuni. Alipata hasara, lakini hakuuza.

Kosa letu ni kwamba tulijifunza nusu ya somo. Tuliuona ubaya wa masharti ya Bonn, tukadhani wa Mashariki hakuwa na yake. Alikuwa nayo. Alitaka bendera yake ipepee mahali ambapo Bonn ilisema haitapepea. Fleti zilikuwa za kweli, na haja hiyo nayo ilikuwa ya kweli. Kufika 1973 Ujerumani zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa, na nchi nyingi zikawa zimekwisha kuitambua Mashariki. Unguja haikuwa tena mlango pekee. Oktoba 3, 1990, nchi ile ikafutika kabisa katika ramani. Rafiki amekufa, nyumba zimebaki, na anayezitengeneza ni sisi. Hata majumba ya Michenzani, ramani yake ilichorwa na mtaalamu wa kutoka huko, lakini yalipanda kwa jasho la Wazanzibari. Wahenga hawakukosea: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Nasema haya si kwa kuwatukana wageni. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu miaka ile ya sitini, na mgonjwa aliyepona mikononi mwao hawezi kuwabeza, wala mimi siwabezi. Mwaka 2023 India ilifungua hapa Unguja tawi la taasisi yake kubwa ya teknolojia ya Madras, la kwanza nje ya nchi yao. Ni jambo la kheri. Lakini kheri nayo huhesabiwa.

Ninachokikataa ni ile tabia ya kupiga makofi kabla ya kusoma. Mkataba ukitiwa saini, tunaonyeshwa mikono inayopeana na vitambaa vinavyokatwa. Hatuambiwi mwenzetu anapata nini, kana kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Muuza ndizi wa Darajani akikupa nyongeza, unajua anataka urudi kesho. Kwa nini tuamini kwamba dola kubwa ina moyo mwepesi kuliko muuza ndizi?

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Mkataba uandikwe na kwa Kiswahili, usomwe mbele ya wawakilishi wetu kabla ya saini. Isemwe wazi mwenzetu anapata nini, maana kupata si dhambi, dhambi ni kuficha. Na ijulikane nani atatengeneza kitakachoharibika siku rafiki atakapokuwa hayupo.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata. Nikamjibu: “Walitupendea haja yao, mjukuu wangu, na sisi tulikuwa na yetu. Hilo si aibu. Aibu ni kwamba wao waliijua yao na yetu, na sisi hatukuuliza.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Na hawa wa sasa, Babu, nani ameuliza?”

Sikuwa na jawabu.