Koperative inunue koleo moja ya kukatia waya za kinga



Kinga ndiyo inashusha mihogo na makala yetu kutoka mlimani mpaka sokoni. Ikibeba mifuko miwili kwenye mteremko, maisha ya mwenye kuisukuma yanategemea waya ya freni, nyembamba karibu milimita moja na nusu. Na waya hiyo tunaikata na nini? Na panga, na tindo, ao na pensi ya kawaida.

Waya ya freni ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Pensi ya kawaida inaziponda, zinasambaa. Ncha iliyosambaa haiingie tena vizuri ndani ya ala yake, inachoma vidole, na nyuzi zinakatika moja moja. Koleo ya waya iko na meno ya kupinda: inashika waya pande zote na kuikata safi.

Kwa mtu mmoja bei ni nzito, ni kweli. Ndiyo sababu tunaona inunuliwe na koperative, kama pompe ya dawa, na ikae kwa mwenye kutunza vyombo. Isikate misumari wala spoki, meno yataharibika.

Kisha kukata, tusawazishe mdomo wa ala na tupa, halafu tubane kofia ndogo ya chuma kwenye ncha ya waya. Kofia ikikosekana, nati ya spoki ya zamani inafaa.

Kwenye mkutano unaokuja, tuizungumze mbele ya sanduku kufungwa.