Upweke wa Mzazi Si Ugonjwa wa Wazungu

Kuna kauli inayorudiwa mno, hata na watu waliosoma: mzazi wa Kiafrika hasononeki watoto wakiondoka nyumbani. Hayo ni ya Wazungu, tunaambiana. Sisi tuna ukoo, majirani na jumuiya. Naikataa kauli hiyo, tena naiona ya kikatili.

Nenda Rombo au Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwezi Machi, mabasi yaliyoleta watoto kwa Krismasi yakiwa yamekwisha kuondoka. Kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, utakuta nyumba kubwa ya matofali iliyojengwa na watoto walioko Dar es Salaam, na ndani yake wazee wawili wanaotumia chumba kimoja. Mama bado anakosea kipimo, anamenya ndizi za watu wengi. Baba hasemi kitu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mwanamume halii.

Wanaodai mila zetu hazikuijua huzuni hii hawazijui mila zenyewe. Kwa desturi ya Wachaga wa huko, kitinda mimba wa kiume ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi na kubaki nao kihambani. Bibi naye alipelekewa mjukuu wa kulala naye na kumchotea maji. Ardhi na kazi vilihusika, ndiyo, lakini wazee wale walijua pia kwamba nyumba isiyo na sauti ya mtoto humla mtu. Leo kitinda mimba yuko Mwanza au Dubai, mjukuu yuko shule ya bweni. Dawa tumeiondoa, kisha tunakana kwamba ugonjwa upo.

Mahali pake tumeweka simu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mtoto anayetuma pesa kila mwezi anahesabika mwema, na mzazi anayepokea hana ruhusa ya kulalamika. Akisema amewakumbuka wanawe, anajibiwa: “Kwani hela haikufika?” Hata kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, mama akibubujikwa machozi, mshereheshaji anatangaza kuwa ni ya furaha, muziki unaongezwa. Nani alimuuliza mama?

Mwacheni mzazi alie. Akisema amebaki peke yake, msimwambie anakufuru. Nanyi mlio mjini, pigeni simu siku ambayo hakuna msiba wala mchango wa harusi. Mwulizeni baba habari za migomba yake, mkamsikilize mpaka amalize. Na wajukuu wapandishwe basi Juni, shule zikifungwa, wakae mpaka zifunguliwe, siyo zile siku chache za Krismasi ambazo nusu yake huishia barabarani.