Ordinatere inajizima, fundi anasema virusi, mwenye nyumba analipa mara mbili

Mjini Bukavu, kila mara wakati wa kuweka kazi za mwisho wa masomo unapokaribia, mafundi wa ordinatere wanapokea mgeni wa aina moja. Mwanafunzi anashuka kwenye pikipiki ya motari, amekumbatia ordinatere ya mezani iliyofungwa ndani ya kikwembe cha mama yake. Anaeleza kwamba mashini inajizima yenyewe, au inawaka sekunde mbili na kukufa, au inaanza upya katikati ya ukurasa. Fundi anamsikiliza, hafungui hata skurubu moja, anatoa jibu: virusi. Anafuta kila kitu, anaweka Windows mpya, anapokea feza zake. Siku tatu kisha, mashini inajizima tena. Kazi ya miezi sita iliyokuwa ndani ya disiki haiko tena, na ugonjwa uko palepale.

Virusi ni jibu zuri kwa fundi mvivu juu kila mtu anaviogopa na hakuna anayeweza kuviona. Lakini jibu hilo halisimami. Virusi ni programu, na programu inahitaji mashini iwe imeshawaka ndipo ifanye kazi. Ordinatere inayokufa kabla ya picha yoyote kuonekana, au ambayo feni yake inazunguka kidogo na kusimama, haijafika hata mahali ambapo virusi vinaweza kuigusa. Mshtakiwa wa kwanza hapo ni kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma, kinachoingia waya wa umeme, kile ambacho mafundi wenyewe wanaita alimantasio.

Kazi ya kisanduku hicho ni kupokea umeme wa nyumba, ule wa volti 220, na kuugeuza kuwa umeme mdogo ulio sawasawa: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Vyombo vya ndani havina uvumilivu mkubwa. Waya wa volti 12 unaruhusiwa kupanda hadi 12.6 na kushuka hadi 11.4, basi. Ukishuka zaidi, ordinatere inajikinga kwa kujizima, ama inachanganyikiwa na kuanza upya. Ndiyo sababu alimantasio iliyochoka inaweza kuonekana nzima asubuhi, wakati mtu anaandika barua tu, na kuangusha mashini jioni wakati watoto wanafungua mchezo au filamu inayoomba nguvu nyingi. Mwenye nyumba anaona mchezo, anasema mchezo umeleta virusi. Na fundi anafurahi kukubali.

Kwa nini visanduku hivyo vinakufa sana katika miji yetu? Hapo wakaaji wengi wana jibu tayari: ni umeme. Wana haki, walau kwa nusu. Bukavu ingali inategemea mto Ruzizi. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa mdogo, na Ruzizi II, iliyoanza mwaka wa 1989, inagawanywa kati ya inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Katikati ya hapo Kadutu imejaa, Bagira imepanuka, Panzi imepanda milima, na nyumba mpya zimeungwa juu ya waya zilezile. Ifikapo saa moja ya usiku, wakati kila nyumba imewasha jiko, taa inabaki nyekundu kama kaa la moto. Alimantasio inayopokea umeme mdogo inajaribu kutoa nguvu ileile, kwa hiyo inavuta zaidi na inapata joto. Kisha umeme unakatika. Ukirudi, dakika za kwanza unaweza kupanda na kushuka kwa gafula, na ni hapo ambapo vyombo vingi vinapigwa. Watoto wa kartie wanashangilia, na ndani ya kisanduku fizibule inapasuka.

Joto ndilo linaloua polepole. Ndani ya alimantasio kuna vyombo vidogo vya mviringo vinavyotunza umeme, kondansatere. Ndani yake kuna maji ya dawa, na joto linayakausha mwaka baada ya mwaka. Kondansatere iliyokwisha inavimba juu kama kopo la tomati lililoharibika, na wakati mwingine inatoa uchafu wa rangi ya kahawa. Ongeza vumbi la kiangazi, na kwa wale wa Goma lile vumbi jeusi la volkano ambalo linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Feni inaziba, joto linapanda, kondansatere zinavimba. Harufu ya kuungua inayosikika siku chache kabla ya kifo ilikuwa onyo. Watu wengi wanafungua dirisha na kuendelea kuandika.

Lakini kusema «ni umeme» na kunyamaza hapo ni kuwaachilia wengine wengi. Angalia visanduku vinavyouzwa kama vipya. Juu ya karatasi imeandikwa wati 500. Ukikishika mkononi, ni chepesi kama pakiti ya biskuti. Kisanduku cha kweli cha nguvu hiyo kina uzito, juu kina shaba, kina chuma cha kupoza joto, kina vyombo vya kuchuja umeme pale unapoingilia. Kile chepesi mara nyingi kimeachishwa vyote hivyo. Mahali pa kuchuja pamewekwa vipande vya waya tu, na nyaya zenyewe ni nyembamba kama za redio. Kwenye umeme tulivu wa mji mwingine kingeishi. Kwenye umeme wa Kadutu kinakufa haraka, na kikifa vibaya kinaweza kuondoka na karte-mere na disiki. Mnunuzi aliyekwepa garama ananunua ordinatere nzima upya.

Karatasi inayodanganya wati ni udanganyifu sawa na kilo ya sukari isiyotimia. OCC ina kazi ya kuchunguza ubora wa vitu vinavyoingia inchini. Kupima kisanduku kama kinatoa wati zilizoandikwa hakuhitaji maabara kubwa: kinabebeshwa mzigo, kinapimwa, ukweli unaonekana kwa muda mfupi. Kuchukua vichache katika kila mzigo, na kutangaza majina ya vile vilivyoanguka, kungesaidia familia nyingi kuliko mkutano wowote kuhusu teknolojia mpya. Wauzaji watasema kwamba mteja mwenyewe ndiye anayeomba bei ndogo. Ni kweli, anaiomba. Hakuomba kuandikiwa uongo.

Kuna pia zile ordinatere za biro zinazotoka Ulaya zikiwa zimetumika. Ni mashini nzuri, mara nyingi bora kuliko mpya za bei ndogo, na hakuna haja ya kuzidharau. Shida yao ni kwamba makampuni makubwa yanazitengenezea alimantasio za umbo lao wenyewe. Ikiharibika, ya kawaida haiingii. Fundi mwenye haraka anakata nyaya na kuziunga kwa kukisia rangi. Kuna ordinatere za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo kichwa cha waya kilifanana kabisa na cha kawaida huku nyaya za ndani zimepangwa tofauti. Mwenye kuchomeka kisanduku cha kawaida aliunguza karte-mere. Somo hilo halijazeeka. Na kwa mashini ambayo ndugu ametuma kutoka Marekani, jambo la kwanza ni kuangalia nyuma kama kuna kibonyezo chekundu. Kikionyesha 115 na mtu akachomeka kwenye 220 yetu, atasikia mlio mmoja na kuona moshi.

Fundi wa kweli anafanya nini? Anaanza kwa maswali: inajizima saa gani, ikifanya nini, umeme ulikuwa namna gani siku ya kwanza. Anasafisha vumbi. Anapima waya za volti 12 na volti 5 wakati mashini inafanya kazi, juu kuna alimantasio inayoonyesha namba nzuri ikiwa haina mzigo na kuanguka mara tu inapobebeshwa. Ule mchezo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha chuma ili feni izunguke unaonyesha kwamba kisanduku kinawaka, hauonyeshi kwamba kina nguvu. Njia iliyo ya hakika zaidi ni kuweka alimantasio nyingine iliyo nzima na kuiacha mashini ifanye kazi saa moja au mbili. Ikitulia, jibu limepatikana, na hakuna hata faili moja iliyofutwa. Fundi asiye na alimantasio moja ya kujaribia wala chombo cha kupimia volti hajapata haki ya kusema virusi.

Kuna vijana wa nyumbani wanaopenda kujifungulia wenyewe, na moyo huo ni mzuri. Ordinatere wafungue, wapulize vumbi, wajifunze. Kile kisanduku chenyewe wakiache kimefungwa. Kondansatere kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa ukutani, na umeme huo haungoji mtu aombe msamaha. Mbaya zaidi ni ile desturi ya kuweka kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya sigara, mahali pa fizibule iliyokatika. Fizibule imekatika kwa sababu fulani. Ukiifunga mdomo, mara ya pili itawaka nyumba.

Na nyumba zetu nyingi hazina ule waya unaoshuka ndani ya udongo. Tundu la tatu la prizi lipo kwa urembo tu. Ndiyo maana mtu akigusa chuma cha ordinatere akiwa miguu mitupu juu ya simenti iliyotoka kupanguswa, anasikia umeme ukimtekenya vidole. Wengi wamezoea, wanacheka. Ile ni dalili kwamba umeme unaopaswa kushuka udongoni hauna njia, na siku alimantasio itakapoharibika kabisa, njia itakuwa mwili wa mtoto. Fundi wa nyumba anayejenga leo na kuacha waya huo ili kupunguza garama anastahili kuulizwa maswali makali kuliko fundi wa ordinatere.

Kuhusu kujikinga, kuna feza nyingi zinazopotea kwa vitu visivyokinga. Multiprizi yenye taa nyekundu inagawa umeme tu. Ondulere ambayo bateri yake ilikufa tangu zamani ni multiprizi ya bei kubwa. Bateri hizo zinaisha baada ya miaka michache, na nyumba nyingi za fotokopi zinaziacha chini ya meza zikilia bila mtu kuzisikiliza. Stabilizatere nzuri inasaidia pale ambapo umeme unashuka na kupanda kila jioni. Ila kinga iliyo bora haina bei: umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja kwanza dakika kumi, angalia taa kama imetulia, ndipo uchomeke. Jirani atakucheka. Mwache acheke.

Turudi kwa mwanafunzi na kikwembe cha mama yake. Mara nyingi alimantasio inapokufa, disiki inabaki nzima. Inaweza kutolewa na kuwekwa ndani ya ordinatere nyingine, na kazi yote ikanakiliwa kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa hiyo neno lake la kwanza mlangoni, kabla ya kueleza ugonjwa na kabla ya kuuliza bei, liwe hili: usifute. La pili: andika kwenye karatasi umepima nini na umepata volti ngapi. Fundi mwaminifu hatachukia kuandika namba mbili na kuweka sahihi. Anayekataa, mwanafunzi afunge tena kikwembe, aite motari, aende kwa mwingine.