Gari lililozama lisiuzwe kwa bei ya gari kavu

Masika yakipita jijini Dar es Salaam, soko la magari yaliyotumika hupokea bidhaa ya pekee. Ni gari linalong'aa, lenye zulia jipya na manukato makali, na bei iliyo chini kidogo ya ile ya soko. Mnunuzi huliendesha hadi barabara kuu na kurudi, gia zinaingia bila matata, fedha zinahesabiwa. Wiki au miezi kadhaa baadaye, gari linagoma kubadili gia, taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, na fundi anatamka maneno ambayo kila mwenye gari la otomatiki huyaogopa: gia boksi imekufa.

Maoni ya safu hii ni kwamba mara nyingi gia boksi haijafa. Kilichokufa ni mfumo wa umeme unaoiongoza, na kilichouua ni maji ambayo muuzaji aliyajua lakini bei haikuyataja. Soko letu limejua kuthamini mwaka wa gari, kilometa zilizotembewa na hali ya rangi. Halijajua kuyapa maji bei. Kwa sababu hiyo hasara humwangukia mnunuzi wa mwisho, ambaye aghalabu ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote.

Tuanze na utaratibu wa chombo chenyewe. Gia boksi ya otomatiki ya kisasa haijiamulii. Ndani yake mna oili yenye msukumo, na njia za oili hiyo hufunguliwa na kufungwa na vali ndogo za umeme. Vali hizo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ya gari, ambayo nayo husikiliza sensa za mwendo, joto la oili na mguu wa dereva kwenye mafuta. Ni kazi ya vipimo vidogo sana. Katika magari mengi ya Toyota, kwa mfano, vali ya kubadili gia hutakiwa kuwa na ukinzani wa omu 11 hadi 15 tu. Kutu kidogo kwenye soketi ya waya inatosha kuharibu hesabu hiyo. Kompyuta ikiona kipimo kisichoeleweka hujilinda: hulifunga gari katika gia moja, mara nyingi ya tatu, ili dereva aweze kujikongoja hadi gereji. Fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu huona gari zito lisilobadili gia, akashauri gia boksi nyingine.

Aidha, si lazima gari lizame ndipo madhara hayo yatokee. Mfano unaojulikana sana kwa mafundi ni Volkswagen Passat ya toleo la B5, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2005. Kompyuta ya gia boksi yake imewekwa chini ya zulia, mbele ya miguu ya abiria. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kutolea maji ya mvua, na majani yakiuziba, maji hupata njia ya kuingia ndani hadi kwenye kompyuta hiyo. Gari kama hilo halihitaji mafuriko, bali linahitaji kuegeshwa chini ya mwembe msimu mmoja na mtu wa kusafisha mfereji asiwepo.

Kinachowadanganya wanunuzi ni kwamba maji hayafanyi kazi yake siku moja. Shaba ya waya ikikutana na unyevu huku umeme ukipita, huota kutu ya kijani taratibu. Maji ya chumvi huharakisha, na tope hushikilia unyevu ndani ya soketi hata baada ya viti kukauka juani. Ndiyo maana gari linaweza kufaulu majaribio ya nusu saa na kufeli baada ya miezi mitatu.

Hata hivyo, iko hali ambayo gia boksi yenyewe huumia kweli. Ina tundu dogo la kupumulia, na gari likizama maji huweza kupenya humo yakachanganyika na oili. Oili hugeuka rangi, ikafanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Bamba za msuguano zilizomo ndani zina utando wa karatasi maalumu uliogandishwa kwa gundi, na maji huilegeza gundi hiyo. Hapo kununua gia boksi ni halali. Mwenye gari anapaswa kujua yuko katika hali ipi kabla ya kufungua pochi.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa gari ambalo likiwa kavu lingeuzwa shilingi milioni 15, na likiwa limezama likauzwa milioni 13.5 bila maelezo. Mnunuzi, aliyekusudia kulifanya teksi, anaamini ameokoa milioni 1.5. Tatizo likianza ananunua gia boksi ya mtumba kwa milioni 2, akalipa ufundi na oili laki 5. Gari limekaa gereji siku 20, na kama lingemwingizia shilingi 30,000 kwa siku, amepoteza laki 6 nyingine. Jumla ni milioni 3.1. Ukitoa ile milioni 1.5 aliyodhani ameiokoa, amepata hasara ya milioni 1.6, na ugonjwa uko pale pale kwa kuwa waya na kompyuta ni zile zile. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Wanaosoma uchumi wanalifahamu jambo hili kwa jina la George Akerlof. Mwaka 1970 Mmarekani huyo aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akitumia neno la mtaani kwao ambako gari bovu huitwa limau. Alisema kwamba muuzaji akijua ubovu na mnunuzi asijue, mnunuzi hujihami kwa kutoa bei ndogo kwa magari yote. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo hujitoa sokoni, na malimau ndiyo yanabaki. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Wenye yadi waaminifu wanapaswa kuizingatia nadharia hiyo kuliko mtu yeyote, kwa maana anayeficha maji anawashushia bei wao pia.

Kuyapa maji bei kunawezekana. Nchini Japan, tunakopata magari mengi, Taasisi ya Uthamini wa Magari, JAAI, ina viwango vya makato. Gari lililoingiwa na maji hadi sakafuni hukatwa asilimia 30, yakifika juu ya kiti asilimia 40, na yakifika juu ya dashibodi asilimia 50. Kwenye minada ya huko, karatasi ya ukaguzi wa gari huwa na nafasi ya kueleza kama liliwahi kuzama. Wajapani wana sababu ya kuwa makini: mafuriko ya magharibi mwa nchi Julai 2018 na kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 viliacha magari mengi ndani ya maji. Tujiulize: gari lililokatwa bei huko likifika bandarini kwetu, karatasi yake huenda wapi? Anayeagiza gari aidai karatasi hiyo na kuitafutia mtafsiri. Muuzaji asiyetaka kuionyesha amekwisha kujibu swali.

Na tusilaumu Japan peke yake. Bonde la Msimbazi limefurika mara nyingi, likiwemo gharika la Desemba 2011, na magari yaliyokumbwa na maji hapa hapa jijini hayana karatasi yoyote. Wenye bima ndogo hawalipwi kwa uharibifu wa gari lao wenyewe, hivyo kishawishi cha kulisafisha na kuliuza kimya kimya ni kikubwa.

Wako watakaosema kwamba muuzaji akitaja maji hatapata mteja. Hoja hiyo haina nguvu. Gari lililozama lina wateja wake: wauza spea, mafundi wenye vifaa, na mwekezaji aliyetenga fedha za kubadilisha waya na kompyuta. Kwa makato ya asilimia 30 au 40 mtu mwenye hesabu zake anaweza kupata faida ya halali. Safu hii haidai magari hayo yapigwe marufuku. Inadai yauzwe kwa jina lake.

Kwa mnunuzi, tahadhari ni chache na hazina gharama kubwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una tope. Inua zulia, angalia bolti za viti na shimo la tairi la akiba kama vina kutu. Hakikisha taa za onyo zinawaka unapofungua swichi na kuzimika injini ikiwaka, kwa maana wako wanaozing'oa. Jaribu gari likiwa baridi, kisha likiwa limepata moto. Mlipe fundi mwenye mashine asome kompyuta kabla hujalipa, si baada. Na gari lako likiingia maji, usiliwashe: toa waya wa betri, likaushwe, na oili ya gia boksi ikaguliwe kwanza. Fundi akisema ununue gia boksi, mwombe akuonyeshe vipimo vya waya, soketi na vali.

La mwisho ni maandishi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga fulani, lakini aliyekagua bidhaa hana kinga kwa ubovu ambao ukaguzi ule ungepaswa kuuonyesha. Kwa hiyo andika kwenye stakabadhi sentensi moja: gari hili halijawahi kuingiwa na maji ndani. Muuzaji asaini. Ahadi iliyoandikwa ina uzito mbele ya hakimu, maneno ya dalali hayana.

Na kwa wenye yadi, kadi ya bei inayowekwa kwenye kioo ina nafasi ya mwaka, kilometa na ukubwa wa injini. Ongezeni mstari wa nne unaosema kama gari liliingia maji, na yalifika wapi. Yadi itakayoanza kufanya hivyo itauza magari yake makavu kwa bei kamili, kwa sababu mnunuzi atajua analipia nini.