Michezo ya Kale Katika Mashine Mpya: Kiporo au Amana?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno haya hunijia kila niwasikiapo vijana wakijadiliana juu ya michezo ya video, ile ichezwayo kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Kila baada ya miaka michache hutoka mashine mpya, na ya zamani ikawekwa kando. Hapo ndipo lizukapo swali: je, yafaa makampuni yairudishe michezo ya kale ipate kuchezwa katika mashine za sasa, au huko ni kupasha kiporo na kukiuza kwa bei ya chakula cha leo?

Mimi ni mtu wa mashairi, wala sitajitia ujuzi wa kuchezea vidude hivi. Lakini swali lenyewe nalijua, kwani liliwakabili wazee wetu waliohifadhi maandishi: karatasi ikichakaa, yaliyoandikwa juu yake yafanyweje?

Natutazame hali ilivyo. Mwaka wa 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilitoa uchunguzi kuhusu michezo iliyouzwa nchini humo kabla ya 2010. Ilionekana kwamba asilimia 87 haiuzwi tena. Yaani katika kila michezo mia, iliyobaki sokoni ni 13 tu. Aitakaye mingine hana budi kusaka mashine kuukuu, kusafiri hadi maktaba inayoihifadhi, au kujipatia nakala ya wizi.

Sababu ni nyingi. Mchezo huundwa kwa ajili ya mashine maalumu. Mashine hiyo ikifa, mchezo husalia kama sahani ya santuri katika nyumba isiyo na gramafoni. Mingine huuzwa kwa intaneti peke yake, na mwenye duka akifunga mlango, mambo yamekwisha. Nintendo ilifunga maduka ya mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Tena kuna mikataba: mchezo wa kandanda hubeba majina ya timu na wachezaji, na muda wa ruhusa ukipita, kuuza tena ni taabu.

Hata mwenye mali huweza kuipoteza. Konami ilipotaka kuirudisha Silent Hill ya pili na ya tatu mwaka wa 2012, maandishi ya mwisho ya programu hayakuwapo. Mafundi wakalazimika kutumia nakala ambazo hazikuwa zimekamilika, na wanunuzi wakalalamikia kasoro.

Hapa sisi watu wa Pwani tuna la kusema. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka wa 1840. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu wa Mombasa, hata Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na Mwingereza Taylor, kisha Hichens akayapiga chapa mwaka wa 1940. Lau wangalisema ya kale yamepita, leo tungalikuwa na jina la Muyaka bila ya maneno yake. Kuhamisha kazi kutoka chombo kibovu hadi chombo kizima si kiporo. Ni kutunza amana.

Lakini mwenye kunakili ana adabu zake. Hana ruhusa ya kuharibu kisha akaificha asili. Mnamo Novemba 2021 Rockstar ilitoa upya michezo mitatu ya Grand Theft Auto, na ile ya awali ikaiondoa madukani. Michezo mipya ilijaa kasoro, watu wakapiga kelele, na kampuni ikaomba radhi na kurudisha ya zamani katika duka lake la kompyuta. Huo ndio ubaya ninaouhofia: mtu kulipishwa mara mbili, na cha pili kiwe duni kuliko cha kwanza.

Basi rai yangu ni hii. Michezo ya kale irudishwe, iuzwe kwa bei ya haki, na asili yake iachwe ilivyo kando ya ile iliyorembwa. Na kampuni isiyotaka kuuza, isizizuie maktaba. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti, wakiwa mbali, michezo isiyouzwa tena. Wenye viwanda walihofia kuwa watu wataicheza kwa burudani tu. Ajabu! Vitabu navyo husomwa maktabani kwa burudani, na biashara ya vitabu haijafa.

Haki ya mwenye mali naikubali, kwani nami huishi kwa kalamu. Lakini mtunzi hatungi ili kazi yake ifungiwe sandukuni mpaka ioze. Mali isiyouzwa, isiyoazimwa, wala isiyoonyeshwa, inamfaa nani?